Mtoto wa Fundi na Koti la Blanketi

Ukipita Nyamiaga leo ukamuulizia Thobias fundi, watu wa rika lake watakuelekeza kwake, na wengi watakuwa wameshaanza kutabasamu kabla hawajamaliza kukuelekeza. Hawamcheki kwa ubaya. Wanakumbuka miaka ile ya wakimbizi, wakati fundi aliyewashonea mapadre kanzu na maharusi shela alipokuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, na mtoto huyo hakukubali kuvaa nguo hata moja aliyoshonewa na baba yake.

Thobias mwenyewe hapingi. Siku hizi macho yamepungua nguvu, na cherehani inapumzika zaidi kuliko inavyofanya kazi. Jioni hukaa barazani na mkewe Leonsia wakichambua maharage, na akipata msikilizaji hurudi moja kwa moja mwaka wa tisini na tano. "Ulikuwa mwaka mgumu," huanza. "Ila ukiniambia nichague mwaka mmoja niuishi tena, nitauchagua huohuo."

Mwaka huo Ngara ilikuwa imefurika. Walitangulia Warundi, kisha wakaja Wanyarwanda wakivuka daraja la Rusumo mchana na usiku, mpaka vilima vilivyokuwa vya nyasi tupu vikageuka buluu na nyeupe kwa maturubai. Miti iliisha kwa kuni. Mikungu ya ndizi ilitoweka migombani kabla haijakomaa, na wenyeji wakanung'unika. Lakini kazi nazo zilikuja, na malori, na mahindi ya njano ambayo hakuna aliyejua kuyapika yakaiva, na mablanketi ya kijivu yaliyogawiwa kambini na kuishia kuuzwa katika kila soko.

Leonsia alipata kazi ya kupika uji katika hospitali ya kambi ya Lukole. Lori liliwachukua wafanyakazi barabarani kungali na ukungu, likawarudisha jua likikaribia kuzama. Kwa hiyo ikawa Thobias ndiye wa kumwamsha Teddy, kumnawisha, kumpa uji na kumvisha. Kumwamsha, kumnawisha na kumlisha hakukuwa na tabu. Tabu ilikuwa kumvisha.

"Mama Teddy, wewe ulikuwa unafanyaje?" alimuuliza mkewe jioni ya kwanza.

"Alikuwa mdogo. Nilikuwa namvisha tu."

"Sasa amekuwaje?"

"Amekuwa mtu," alisema Leonsia, akacheka mpaka akakaa chini.

Teddy alikuwa amevuka miaka miwili. Alikuwa na maneno machache ya Kihangaza, na lililokuwa kubwa kuliko yote lilikuwa oya, yaani hapana. Gauni la buluu? Oya. Sketi ya maua? Oya. Blauzi aliyoivaa jana kwa furaha na kulala nayo? Leo oya. Kama ni kumkamata kwa nguvu, kwanza alijikaza kama ubao, usiweze kukunja mkono wala goti. Ukisema basi, nimempata, akalegea kama jani la mgomba lililopitishwa motoni, akateleza kutoka mikononi na kukimbilia nje kama alivyozaliwa. Wateja waliokuwa wamekaa barazani walishangilia. Kinyozi hajinyoi, walisema, na mtoto wa fundi hutembea uchi.

Thobias alikuwa mtu wa fahari katika kazi yake. Pasaka ilipokaribia aliamua kulimaliza jambo hilo kifundi. Alikata kitambaa cha rangi ya waridi alichokuwa amekificha sandukuni tangu harusi ya mdogo wake. Akatia marinda ya ngazi tatu, lesi kwenye ukosi, na mkanda wa kufunga nyuma kama kipepeo. Mama yake, bibi Generoza, alilishika gauni lile akalipeleka mwangani na kusema hajaona kitu kama hicho tangu enzi za masista Wazungu.

Asubuhi ya Pasaka Teddy alivishwa gauni hilo na watu wazima watatu. Alilia njia nzima. Kanisani akanyamaza, na Thobias akapumua. Kwaya ilipoinua Utukufu, na kengele zikalia, na macho ya kila mtu yakawa mbele, mtoto akapata nafasi yake. Thobias alipoinama kumtazama, gauni lilikuwa chini ya benchi, na Teddy amesimama juu ya benchi na chupi yake, anapiga makofi kwa ajili ya Bwana.

"Mtoto mwema huvaa anachovishwa," alisema bibi Generoza walipotoka. "Wewe ulivaa nilichokuvika. Baba yako alivaa alichovikwa. Huyu mmemlea vipi?"

Thobias alilifua gauni, akalipiga pasi, akalitundika mbele ya baraza kama kielelezo, ili angalau wateja walione.

Ilikuwa baada ya mvua za masika ndipo Kezia alipokuja. Alikuwa Mrundi wa upande wa Muyinga, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, aliyekuwa akitoka kambini na wenzake kuja kulima vibarua katika mashamba ya Nyamiaga. Walilala kwa wenye mashamba siku chache, kisha wakarudi Lukole kuchukua mgawo wa chakula. Mume wake, Ndikumana, walipotezana naye njiani walipokuwa wakikimbia, na tangu hapo hakupata habari zake. Alikuwa na mtoto wa kiume, Kwizera, rika moja na Teddy.

"Amahoro, fundi."

"Amahoro, mama. Karibu."

Lugha haikuwa shida, maana Kirundi na Kihangaza ni watoto wa nyumba moja. Kezia alifungua kanga akatoa blanketi la kijivu, lile la msaada.

"Nataka koti la mtoto. Baridi ya kule kilimani inamkohoza. Kitambaa ndicho hiki, sina kingine."

Thobias hakuwahi kushona blanketi. Lilikuwa zito, linatoa manyoya, na sindano ililia kila ilipolipita. Lakini alilikata kwa uangalifu uleule aliokatia kanzu za mapadre, akalitia kofia na vifungo vikubwa vya mbao. Wakati wote huo Teddy alikuwa amekaa chini ya meza kati ya vipande vya nguo, kimya, jambo ambalo lingepaswa kumpa baba yake wasiwasi. Koti lilipokwisha Thobias alilitundika kwenye msumari wa chini, akageuka kuweka makaa kwenye pasi. Alipogeuka tena, msumari ulikuwa mtupu.

Teddy alikuwa ndani ya koti. Mikono yake haikuonekana, kofia ilimfunika hadi puani, na pindo lilikuwa likifagia vumbi. Aliinua uso. Thobias anasema hajapata kuona mtu aliyeridhika na nguo namna ile, wala kabla wala baadaye, hata bibi harusi.

"Vua, mama. Hilo ni la mtu."

"Oya."

"Vua, nitakushonea jingine, zuri zaidi."

"Oya!"

Kezia alipokuja kuchukua koti, akiwa na Kwizera mgongoni, alimkuta fundi amepiga magoti, anambembeleza binti yake kwa ndizi mbivu. Thobias aliona haya. Akaanza kujieleza. Lakini Kwizera alikuwa ameshateremka mgongoni, na macho yake hayakuwa kwenye koti. Alikuwa akitazama juu, kwenye lile gauni la waridi. Akanyoosha kidole.

"Hilo ni la kike, mwanangu," alisema Kezia. "Lako ni lile la joto."

Mtoto akakaa chini, akafungua kinywa, na kilio kilichotoka kiliwafanya mbuzi wa jirani waache kula. Kezia alimtazama mwanawe. Akamtazama Teddy aliyejikunyata ndani ya koti kama kobe. Akamtazama fundi na ndizi yake mkononi. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akishika nguzo ya baraza, machozi yakimtoka, na baadhi ya machozi hayo hayakuwa ya kicheko. Wenzake waliokuwa wakimngoja barabarani walisogea kutazama, maana hawakuwahi kumsikia akicheka tangu wamjue.

"Kipenda roho hula nyama mbichi," alisema Thobias. Akalitungua gauni.

Hivyo ndivyo Kwizera alivyorudi Lukole na gauni la ngazi tatu, amelivaa juu ya fulana aliyopewa kambini, marinda yakipepea. Thobias hakutaka Kezia akose, akamshonea pia koti la pili kutokana na kilichobaki cha blanketi, fupi kidogo, na Kezia akawa anamvika Kwizera usingizini, wakati ambapo hakuna wa kusema oya.

Koti la Teddy halikutoka tena mwilini ila kwa hila. Leonsia alilifua mtoto akiwa amelala na kulianika karibu na moto, na likikutwa bado bichi asubuhi, nyumba nzima ililipa. Teddy alidai pia mahali pa kuwekea gunzi lake la hindi, lililokuwa mwanasesere wake, kwa hiyo Thobias akamtilia mfuko wa ndani kwa kipande cha waridi kilichosalia. Hakukubali kulivua hata kwa ajili hiyo. Baba alishona kwa mkono, mtoto akiwa ndani, sindano ikipita karibu na ubavu, na Teddy akimsimamia kama mteja mwenye fedha zake.

Bibi Generoza hakufurahi. "Watu watasema tumemwokota," alisema. "Watoto wa wakimbizi ndio wanaovaa hivyo, kwa sababu hawana. Huyu ana baba fundi."

Leonsia naye alikuwa na lake, ingawa alilisema polepole. "Kule kambini naona watoto kama mia wenye makoti kama hilo. Nikishuka kwenye lori nikamwona barabarani, mara nyingine moyo unashtuka. Sijui ni wangu au ni wa nani."

Siku moja ya soko, katikati ya kiangazi, baraza lilijaa watu. Thobias alikuwa akimpima mzee mmoja suti ya kumwozeshea bintiye, na mzee huyo alikuwa mgumu. Kila kipimo alitaka kirudiwe. Teddy alikuwa chini ya meza. Baadaye akawa mlangoni. Baadaye tena Thobias aliita, na hakuna aliyejibu.

Alimtafuta kwa majirani, kisimani, kwenye migomba, kwa bibi yake. Soko zima likamsaidia kuita. Mwishowe mama mmoja muuza nyanya, ambaye genge lake lilikuwa ukingoni mwa barabara, akauliza mtoto alikuwa amevaa nini.

"Koti la blanketi. Lina kofia."

Yule mama akaweka mkono kinywani. "Mungu wangu. Nilimwona akiwafuata wanawake wa kambini na mizigo yao. Wakamwacha nyuma, akakaa barabarani. Likapita gari jeupe la watu wa misaada, likasimama, wakamuuliza, hakusema kitu, wakamchukua. Nilijua ni mtoto wa mkimbizi aliyepotea. Fundi, mtoto wako wewe ningejuaje? Na nguo ile?"

Leonsia aliposhuka kwenye lori jioni hiyo alimkuta mumewe amesimama barabarani peke yake, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, na kabla hajaambiwa kitu alijua. Hakumlaumu. Thobias anasema angemlaumu ingekuwa nafuu. Alfajiri walipanda lori pamoja.

Kilichomuuma Leonsia njiani ni kwamba jana yake alikuwa humo humo kambini anakoroga uji, na mwanawe akapitishwa pengine nyuma ya jiko lake. Waliuliza hospitalini, wakaelekezwa kwenye kituo cha watoto waliopotezana na wazazi. Palikuwa na mahema marefu, uwanja uliofagiwa vizuri, na uzio wa matete.

Thobias alitangulia kuingia. Watoto walikuwa wamekaa chini na bakuli zao za uji. Walipomwona mwanamume mgeni langoni, wakasimama. Hakuna aliyewaambia. Wakubwa wakasimama, wadogo wakawaona wakubwa nao wakasimama, na wote wakamtazama usoni, wakimkagua, kila mmoja akitafuta kama ndiye. Haikuchukua muda. Walipoona siye, wakakaa mmoja mmoja na kuendelea kunywa. Thobias alibaki pale langoni. Alikuwa amekuja na shida yake akidhani ndiyo kubwa kuliko zote duniani.

Mtoto mmoja tu hakusimama. Alikuwa mvulana mdogo, umri kama wa Teddy, na alikuwa akitazama bakuli lake bila kunywa. Na pembeni yake, kofia kichwani, uji mpaka kwenye kope, alikuwepo Teddy.

Msimamizi wa kituo aliitwa Felisita, mama wa Biharamulo, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Aliwazuia kwa mkono.

"Huyo ni mwanetu, dada," alisema Thobias.

"Si wewe wa kwanza kuja hapa na kusema hivyo, kaka. Wengine walikuwa wezi wa watoto. Una ushahidi gani?"

"Mimi nafanya kazi hapahapa," alisema Leonsia. "Napika uji hospitalini."

"Kupika uji si kuzaa, mama yangu. Nisamehe." Felisita akainama kwa mtoto. "Mama, huyu ni nani?"

Teddy alimtazama baba yake. Jana nzima alikuwa amemngoja, na sasa alikuwa amekasirika kwa kadiri mtoto wa miaka miwili na nusu anavyoweza kukasirika.

"Oya," alisema, akarudi kwenye uji.

Leonsia alilia. Felisita alikunja mikono. Thobias ilimjia kucheka na kulia kwa pamoja. Akapiga magoti vumbini kama siku zote pale barazani.

"Dada, mmejaribu kumvua hilo koti?"

"Tumejaribu tumuogeshe. Amemng'ata mwenzangu."

"Ndiye mwenyewe. Basi, koti hilo nimelishona mimi. Lina mfuko kwa ndani, upande wa kushoto, wa rangi ya waridi, na ndani yake mna gunzi la hindi. Usimvue. Mwache mwenyewe." Akamgeukia binti yake. "Teddy, mtoto wako yuko wapi? Amekunywa uji?"

Teddy alifikiri. Kisha akaweka bakuli chini, akafungua kifungo kimoja cha mbao, akaingiza mkono kwenye mfuko wa waridi na kulitoa gunzi. Akampa baba yake alishike, kwa sababu yeye mikono yake ilikuwa na uji.

Felisita aliguna, kisha akacheka kwa sauti yake ile, na watoto wengine wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. "Mchukue, kaka. Mchukueni. Yuko mmoja tu wa namna hii."

Walirudi Nyamiaga, na bibi Generoza akamsugua mtoto, koti na yote, kwenye karai. Ungedhani habari ingeishia hapo. Lakini Thobias hakuweza kushona. Alikaa kwenye cherehani akiwaona wale watoto wakisimama, na yule mmoja ambaye hakusimama.

"Kuna vipande," alimwambia mkewe siku moja, akionyesha mfuko wa mabaki ya vitambaa uliokuwa umekaa miaka chini ya meza. "Si vya suti. Lakini vya watoto vinatosha."

"Na nani atakubebea cherehani?"

"Lori lenu."

Leonsia aliongea na dereva. Jumamosi iliyofuata Thobias aliketi chini ya turubai pale kituoni, cherehani mbele yake, Teddy chini ya meza, na Kezia, ambaye kibanda chake hakikuwa mbali, akikata nyuzi na kushona vifungo. Walikuwa wamepanga kufanya kazi kwa haraka: nguo za aina moja, saizi tatu, kila mtoto apate. Mpango ulidumu mpaka mtoto wa kwanza alipovishwa akalivua gauni na kusema anataka lile la kijani.

"Hakuna la kijani, mama," alisema Felisita.

"Kipo kipande cha kijani," alisema Thobias.

Baada ya hapo hakukuwa na kurudi nyuma. Walimwaga mfuko mzima juu ya mkeka, na kila mtoto akachagua. Wadogo ndio walikuwa wagumu. Mmoja hakujali nguo, alitaka vifungo, vingi, visivyofunga kitu chochote. Mwingine alitaka mifuko miwili tumboni. Kulikuwa na msichana aliyekataa mikono mirefu, mikono mifupi na kutokuwa na mikono, mpaka ikagundulika kwamba anachotaka ni mkono mmoja mrefu na mmoja mfupi, na Thobias, aliyezoea kufumua shati zima kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda, akamshonea hivyohivyo. Kwizera naye alipita na gauni lake la waridi, limechakaa sasa, na watoto wakataka marinda. Jumamosi moja haikutosha. Zikawa Jumamosi za miezi mingi.

Yule mvulana ambaye hakusimama aliitwa Niyibizi. Felisita alisema ndilo jina alilokuja nalo, limesemwa na watu waliomkuta. Mwenyewe hakusema kitu. Alikuwa mtoto asiyesumbua. Ukimvika alivaa, ukimvua alivuliwa. Ukimkalisha hapa, utamkuta hapohapo. Thobias alimpeleka mkekani, akamshikisha kitambaa chekundu, cha njano, chenye ndege. Vilimwanguka mkononi kimoja baada ya kingine.

"Huyu ndiye mtoto mwema wa mama yangu," Thobias alimwambia Kezia, na hakuna aliyecheka.

Walimshonea shati la buluu na kaptura, na akavaa. Kila Jumamosi Thobias alimkuta navyo, safi, vifungo vyote vimefungwa, amekaa karibu na Teddy, maana Teddy alikuwa na tabia ya kumvuta mkono na kumweka chini ya meza pamoja naye. Alimpa gunzi alishike. Alimkemea kwa Kihangaza cha kitoto, akimwita kwa jina la nusu. Niyibizi alisikiliza.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza siku ile Felisita alipokuja akikimbia kutoka hemani, akiwa na shati la buluu mkononi, lina tope. Thobias alidhani kuna mtoto aliyeumia.

"Amelivua!" Felisita alipaza sauti. "Amelitupa! Nimemwambia avae, amesema oya! Amenipiga na shati usoni!"

Nyuma yake, mvuani, alisimama Niyibizi, kifua wazi, uso umekunjwa kwa hasira, akinyoosha kidole kwenye mkeka, kwenye kitambaa chenye ndege. Kezia alikuwa tayari amekiokota. Felisita alikaa chini pale pale kwenye majani mabichi, mama mzima mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akajifunika uso na lile shati la tope.

Thobias alikata shati la ndege bila kupima. Anasema mshono wa bega la kulia ulipinda, na mpaka leo ndio mshono anaojivunia kuliko wote.

Mwaka uliofuata shangazi yake Niyibizi alipatikana katika kambi nyingine, baada ya picha yake kubandikwa huko. Siku ya kuondoka mtoto alipiga kelele mpaka gari likacheleweshwa, kwa sababu kaptura aliyoitaka ilikuwa kwenye kamba, haijakauka. Waliondoka nayo mbichi. Hawakupata habari zake tena.

Koti la Teddy liliisha kwa namna ambayo Thobias hakuitarajia. Asubuhi moja tu mtoto aliliacha kitandani, akatoka na sketi ya maua, na hakuliulizia kamwe. Baba ndiye aliyelitazama mara mbili. Baada ya miezi Leonsia alilikata vipande vya kushikia sufuria. Teddy sasa ni mwalimu huko Runazi, na akisimuliwa haya anasema wazazi wake wameongeza chumvi.

Kezia alikaa Lukole miaka mingi, mpaka malori ya kurudisha watu yalipoanza, na Kwizera wakati huo ni kijana wa shule ambaye hutakiwi kumtajia gauni. Ndikumana hakuonekana. Kezia analima mihogo kwao Muyinga, na tangu simu zifike kila mahali, hupiga kila mwaka mpya, wanaongea kwa sauti kubwa kama watu walioko kilima kimoja na kingine.

Miaka michache iliyopita, wakienda kumtembelea Teddy, Thobias na Leonsia waliteremka kwenye njia panda na kutembea hadi ilipokuwa kambi. Nyasi zimerudi. Miti imerudi, mingine mirefu. Walitafuta kituo cha watoto, hawakukiona hata mahali pake. Kwenye hospitali walikuta sakafu tu ya saruji iliyopasuka, na mbuzi juu yake.

"Hapa palikuwa na jiko langu," alisema Leonsia, akasimama.

Thobias alimngoja. "Unakumbuka nini zaidi?" aliuliza. Alidhani atasema uji, au watoto, au ile asubuhi.

"Lori."

"Lori lile? Lilivyokuwa likiturusha?"

"Tulikuwa tukiimba mle ndani, Baba Teddy. Kila alfajiri, wapishi na wauguzi wote, mpaka tunafika. Kila mtu anaanzisha wimbo wa kwao. Jumamosi tu, ukiwemo wewe, ndipo tulipoona haya. Sijawahi kuimba vile tena."

Thobias aliishi naye miaka yote hiyo na hakulijua hilo. Siku nyingine zote yeye alikuwa nyumbani, anahangaika na mtoto na nguo. Alimwomba aanzishe mmoja. Leonsia alikataa, akasema koo limezeeka, mbuzi watakimbia. Lakini walipokuwa wakirudi barabarani kungoja gari la Lusahunga, yeye mbele na mumewe nyuma na mfuko, alimsikia ameanza, kwa sauti ya chini, na Thobias akapunguza mwendo asije akamkatisha.